Neno Moja Kuhusu Mama

Dunga, Kisumu
3 Februari 1974

Mwihaki wangu,

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Kiingereza. Usianze nayo. Soma hii kwanza, kwa sababu ile nimeiandika kama mwalimu na hii naiandika kama mimi.

Gordon amepata mchumba. Unamjua ndugu yangu: miaka minne yuko Uhispania akisomea kuhifadhi samaki, na barua zake zote zilikuwa za mvua na baridi. Sasa ghafla kuna Amparo. Anatoka kijiji cha wavuvi karibu na Vigo. Mama yake amefariki, na baba yake, Mzee Eladio, huenda baharini na meli za uvuvi. Mzee huyo hakukataa. Alisema tu kwamba hatamruhusu binti yake kwenda asikokujua mpaka watu wa Gordon wajieleze wenyewe kwa barua, na barua hiyo isipite mikononi mwa Gordon. Kijana aliyependa, alisema, hutafsiri linalomfaa. Aitafsiri mtu mwingine, na ile ya Kiingereza iletwe pamoja nayo, maana padre wa kijiji anajua Kiingereza kidogo na atalinganisha.

Mtu mwingine huyo ni wewe. Sina rafiki mwingine Uhispania, na hata ningekuwa naye ningekuchagua wewe.

Shangazi Benta amejitangaza kuwa jagam, yule mshenga wetu wa Kijaluo anayepeleka habari za ukoo mmoja kwa ukoo mwingine. Alipoambiwa kwamba kazi yake itamaliziwa na Mkikuyu aliyeko Madrid, alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa hata ujagam wameuchukua," alisema. Kisha akasema yule ni mtoto mzuri, basi na aandike.

Alinisimamia nikiandika. Alitaka lazima isemwe kwamba ukoo wetu hauna jojuok, wale wachawi wanaokimbia usiku na kugonga milango ya watu. Nilimweleza kwamba Wahispania hawana habari nao. Alijibu kwamba kila baba mwenye binti huliwaza jambo hilo hata kama haulizi. Nimeliandika, utaliona. Aliuliza pia ng'ombe wa mahari watasafirishwaje mpaka huko, nikamwambia hilo tuliache kwanza.

Lakini Mzee Eladio aliuliza jambo moja waziwazi: binti yake atakaa na mwanamke wa namna gani? Gordon alikuwa amemweleza desturi yetu, kwamba mke mpya hupika jikoni kwa mama mkwe mpaka siku atakapopewa mafiga yake mwenyewe. Kwa hiyo Amparo atashinda jikoni na Mama, pengine mwaka mzima. Nimeandika kwamba Mama ni mchapa kazi, ni mtu wa kanisa, na kwamba ni "quiet".

Mzee akikataa, Gordon anasema atamwoa hukohuko na kuchukua kazi katika ghala la barafu Vigo. Ameshaahidiwa, anatakiwa kujibu kabla ya Mei. Mwihaki, nyumba hii ina watu wawili tu. Nataka arudi. Nalisema hapa kwa sababu sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Wako,
Selpha

*

Madrid
18 Februari 1974

Selpha mpenzi,

Nilianza na ile ya Kiingereza. Ulitarajia nini? Tangu shuleni hujawahi kunikataza kitu nikakiacha.

Nimefurahi kwa ajili ya Gordon. Alishawahi kunitembelea hapa na Amparo, nikaapa sitasema mpaka aseme mwenyewe. Ni msichana mwenye mikono mikubwa na kicheko kidogo. Utampenda.

Barua yote imetafsiriwa isipokuwa neno moja. Jojuok nimewageuza hivi: katika familia hii hakuna mtu anayewasumbua majirani usiku. Nilimsomea mama mwenye nyumba yangu, Doña Remedios, akasema watu kama hao angewapangisha chumba kesho. Mwambie Shangazi.

Neno lililobaki ni lile la Mama yako. Kiingereza kimekuruhusu kupita bila kusema kitu. Kihispania hakiniruhusu. Nikiandika "tranquila", nasema moyo wake umetulia. Mtu wa namna hiyo anaweza hata kuwa na maneno mengi. Doña Remedios huzungumza tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni na ni tranquila kabisa, hakuna kinachomtikisa. Nikiandika "callada", nasema hasemi, basi. Kilichomo ndani, kiwe amani au moto, neno halikuambii. Chumba cha pili hapa yuko msichana wa aina hiyo, tumekaa meza moja tangu Oktoba na sijui kama ananipenda au anangoja nihame. Kuna "quieta" pia, lakini hilo ni la mtoto anayenyolewa, la mtu asiyejongea. Na "silenciosa" ningeliweka kwa mtu usiyesikia nyayo zake, au kwa injini mpya.

Basi ni mawili tu, tranquila au callada. La kwanza ni zuri, baba yeyote angelipenda, na padre akilinganisha hatapata kosa. Kalamu yangu ilishakwenda kuliandika. Nikaizuia.

Mimi nimekula kwenu mara nyingi na ninayo yangu ninayoyajua kuhusu Mama Dorca, lakini ni ya zamani. Wewe ndiye unayeishi naye. Niambie ni lipi. Fanya haraka, Mzee Eladio anaondoka na meli tarehe kumi na mbili Machi na hatarudi mpaka Pasaka.

Nakukumbatia,
Mwihaki

*

Dunga
3 Machi 1974

Mwihaki wangu,

Umenifanya mpelelezi nyumbani kwetu. Wiki nzima nimemtazama Mama kama mtu ninayetakiwa kumchora.

Jumamosi nilishuka naye ufuoni mashua zilipoingia. Unajua kelele za pale, wanawake wanavyowapigia wavuvi makelele mpaka bei ishuke. Mama haingii humo. Aliinua samaki mmoja, ngege wa mvuvi Oketch, akamfunua shavu, akatazama, akamrudisha. Akainua mwingine. Oketch akaanza kujieleza mwenyewe: kwamba upepo, kwamba barafu hakuna, kwamba sawa Mama Gordon, lete unachotoa. Nikajiambia, tranquila, hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Kesho yake wanawake wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi. Walipomwomba atoe neno alitikisa kichwa, wakaendelea kwa mwingine. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Chini ya meza vidole vyake vilikuwa vikikunja pindo la kitambaa cha meza, vikilikunjua, vikilikunja tena, mpaka wale wakaondoka. Mtu aliyetulia hana vidole kama vile.

Kabla Baba hajafariki, Mama alikuwa akiimba akipalia mahindi. Nakumbuka vizuri kwa sababu aliimba vibaya na Baba alimtania, na yeye akazidi kupandisha sauti makusudi. Tangu tumzike Baba, miaka sita sasa, husema yale ya lazima tu. Chumvi imekwisha. Mvua inakuja. Funga mlango. Jioni namweleza mambo ya shule, wasichana wangu, mwalimu mkuu, na yeye husogeza bakuli la mboga karibu nami. Siku nyingine nachelewa makusudi kwenye chumba cha walimu kwa sababu kule kuna sauti. Nampenda, Mwihaki. Nimeishi naye maisha yangu yote na siwezi kukuambia anawaza nini.

Nilimweleza Shangazi Benta hayo maneno mawili. Hakuona shida yoyote.

"Andika ametulia. Kazi ya jagam ni kupaka mafuta."

"Na msichana akifika akute mengine?"

"Akifika, mwalimu, ameshafika."

Yeye mwenyewe, jagam wake alimwambia mumewe ni mrefu. Anasema anamngoja huyo mrefu hadi leo.

Lakini nimeamua. Andika callada. Amparo hana mama. Akija hapa akitarajia mwanamke aliyetulia atakayemwita binti yangu na kumfundisha hiki na kile, kisha akae miezi kando ya moto na mtu asiyesema, atadhani anachukiwa. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kudhani hivyo, na mimi ni mwanawe. Siwezi kumvuta mtoto wa mtu kwa neno zuri.

Mzee akikataa kwa sababu ya hilo, Gordon atabaki na ghala lake la barafu, na aliyemzuia nitakuwa mimi. Nimeliona hilo. Andika tu.

Selpha

*

Madrid
15 Machi 1974

Selpha mpenzi,

Barua yako nimeikuta mlangoni leo, nilipotoka kituo cha treni. Nilikungoja mpaka tarehe tisa, kisha nikaona Mzee ataondoka bila kusomewa. Nikapanda treni mwenyewe, na pale penye lile neno nikaacha nafasi tupu.

Nakueleza yote. Jikoni pao ni padogo na dirisha linatazama gati. Gordon alitolewa nje kwa amri ya Mzee, asije akanisaidia kwa macho, akawa anatembeatembea kwenye manyunyu kama mbuzi aliyefungiwa nje. Amparo alisimama karibu na jiko. Padre alikaa na karatasi yako ya Kiingereza, akifuatisha kwa kidole. Nikasoma. Kwenye majirani wasiosumbuliwa usiku Mzee aliinamisha kichwa kwa heshima kubwa, Shangazi Benta angefurahi. Nikafika kwa Mama yako, nikasoma mchapa kazi, nikasoma mtu wa kanisa, nikanyamaza.

"Tranquila," padre akasema, akinisaidia. "Hapa pameandikwa 'quiet', ndiyo tranquila."

Nikasema sina hakika kwamba ndilo. Mzee Eladio akanitazama kwa mara ya kwanza. Ana uso mkavu sana. "Wewe unamjua huyu mama?"

Basi nikamweleza jambo ambalo hata wewe sijakueleza. Ulikuwa bwenini mwaka ule wa sitini na tisa, mambo yalipoharibika Kisumu na watu wenu na watu wetu hawakuweza kutazamana. Duka la baba yangu la vitambaa lilikuwa karibu na soko la Kibuye, unalikumbuka. Siku ile maduka ya Wakikuyu yalikuwa yakipigwa mawe. Baba alitufungia ndani, mimi na Mama na wadogo zangu, tukalala sakafuni nyuma ya majora. Nilitambaa mpaka mlangoni nikachungulia kwenye ufa. Nikamwona Mama yako anakuja na beseni lake la samaki na kile kigoda anachokalia akiuza. Akakiweka mbele ya mlango wetu, akakaa, mgongo wake ukiwa kwetu. Baada ya hapo sikuona kitu ila kitambaa cha gauni lake.

Vijana walikuja. Nilisikia mmoja akiuliza, "Mama, unafanya nini hapa?" Hakumjibu. Akauliza tena, kwa ukali, na mwingine akasema huyu ni mama yake Gordon, twendeni. Wakazunguka mtaa mwingine. Mama yako alikaa pale mpaka giza lilipoingia. Halafu aligonga, akampa mama yangu samaki wote, akabeba kigoda chake, akaenda. Hakusema habari zenu wala kwaherini. Baba alitukataza kumsimulia mtu yeyote, Mama Dorca asije akapata taabu kwa watu wake, na wiki iliyofuata tukahamia Thika.

Nilipomaliza, Amparo aligeuka akamtazama baba yake. Mzee hakukubali wala hakukataa. Alisema kuna jambo moja anataka kusikia kutoka kinywani mwa Mama yako mwenyewe, si lako, si langu. Alisema hivi: "Amparo atalia. Kila anayekwenda mbali hulia. Siku hiyo, huyo mama atafanya nini?"

Kesho yake alfajiri meli ikaondoka naye. Nafasi bado ni tupu. Neno lako ninalo, lakini sitaliandika mpaka Mama ajibu. Mwulize, Selpha.

Mwihaki

*

Dunga
30 Machi 1974

Mwihaki wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama posta, watu wakinipita. Miaka yote hii. Nilirudi shuleni muhula uliofuata nikiwa na hasira kwamba mmehama bila kuniaga.

Nilimkuta Mama jikoni akikausha samaki. Unalijua jiko lile: ukuta wa udongo, mlango mfupi, na moshi wote unatafuta njia yake kwenye nyasi za paa. Mara mbili nimetaka kumleta fundi atoboe dirisha, na mara zote mbili Mama alikataa. Nilidhani ni ukaidi wa wazee.

Nilimsomea kwa Kijaluo, polepole. Nilipofika kwenye ule mlango wa duka aliacha kugeuza samaki.

"Yule mtoto alikuwa anachungulia? Nilidhani wamelala."

Hayo tu. Basi nikamweleza swali la Mzee Eladio: msichana atakuja, ataacha baba yake na watu wake wote, na siku moja atalia. Utafanya nini?

Alirudi kwa samaki wake. Alimgeuza mmoja, akamgeuza mwingine, akachochea kuni, moshi ukatujia sote wawili nikaanza kukohoa. Nilishaanza kutunga jibu langu mwenyewe, jibu zuri la kumpendeza mzee wa watu, aliposema.

"Mwambie jikoni kwangu kuna moshi."

Sikuelewa. Nadhani alijua, kwa sababu aliongeza jambo ambalo si desturi yake kuongeza.

"Akiwa hapa ndani, macho yakimtoka maji, hakuna atakayemwuliza kwa nini. Mimi sitamwuliza. Atalia mpaka atosheke, na samaki hawataungua, nitawageuza mimi."

Kisha akajifuta macho kwa kiwiko, kama anavyofanya kila jioni ninapotoka shule, nikaketi pale chini, Mwihaki, juu ya gunia la makaa, na sketi yangu ya kazini. Nilikuwa na maswali ya miaka sita. Sikumwuliza hata moja. Nilibaki mpaka samaki wakaiva, naye hakuniuliza nina nini.

Shangazi Benta amekasirika. Anasema hajapata kuona jagam anayesifu nyumba kwa moshi wake, kwamba Mzungu atadhani tunaishi ndani ya tanuri, afadhali niandike Mama atambembeleza. Mama alikuwa akichambua mboga mlangoni. Alisema, "Andikeni nilivyosema," na Shangazi akanyamaza, jambo ambalo ni mara chache sana kutokea.

Nimeandika kwa Kiingereza neno kwa neno, bila kupaka mafuta. Iko ndani. Kuhusu lile neno la kwanza, bado nasema callada. Nilitaka kulibadilisha jana usiku, halafu nikaona kwamba nilichojifunza hakilifuti. Ni kweli hasemi.

Selpha

*

Madrid
22 Aprili 1974

Selpha mpenzi,

Mzee alirudi Ijumaa Kuu, na Jumatatu ya Pasaka nilikuwa jikoni mwao tena. Gordon alitolewa nje tena. Safari hii hakulalamika.

Nilisoma jibu la Mama. Padre alilinganisha, akavua miwani, akaanza kuisafisha. Mzee akaniomba nirudie ile sehemu ya samaki. Nikarudia. Akamtazama binti yake, na binti yake alikuwa ametugeukia mgongo, akishughulika na sufuria iliyokuwa safi tayari.

"Na lile neno?" Mzee akaniuliza. "Lile uliloacha."

Nikaitoa barua ya kwanza, nikaandika callada mbele yake. Padre akasema kwa upole kwamba Kiingereza kinaruhusu tranquila, na kwamba tranquila lingekuwa la heshima zaidi kwa mama wa watu, akanyoosha mkono kuichukua kalamu. Mzee Eladio akauweka mkono wake mzito juu ya karatasi.

"Liache," akasema. "Huyu namjua sasa."

Halafu akamwita Gordon aingie, akamwambia Amparo ataondoka mwezi wa Septemba na yeye mwenyewe atamsindikiza mpaka bandarini. Gordon alikuwa amelowa chapachapa, akawa anapeana mkono na kila mtu, hata na mimi, hata na padre mara mbili. Ghala la barafu aliliandikia siku ileile kulikataa. Niliipeleka posta barua hiyo mimi mwenyewe nisije nikasikia ameisahau mfukoni. Mwambie Shangazi kwamba Mzee anashukuru sana kwa wazo la ng'ombe, ila hana malisho, ana gati tu, na anaomba wabaki huko walipo mpaka atakapokuja kuwaona.

Amparo alinifuata nje nilipokuwa naondoka. Alitaka maneno ya kumwamkia Mama kwa lugha yenu. Nilimfundisha yale mawili niliyotoka nayo Kisumu, oyawore la asubuhi na oimore la jioni. Aliyarudia njia nzima mpaka kituoni, watu wakitugeukia. Nilimwambia kwa Mama Dorca hayo mawili yatamtosha mwezi wa kwanza.

Akauliza la tatu liwe lipi. Mwulize Mama, utuandikie.

Wako daima,
Mwihaki